Chumba na sebule New York: mwongozo kamili wa kununua ko-opu katika jengo la kabla ya vita

Watu wetu wengi hapa New York wanapanga miaka kumi, kumi na mitano, wengine ishirini, wakiamini kwamba kununua ndani ya jiji ni kwa matajiri. Ukitaja kununua unaelekezwa Pennsylvania, saa mbili za basi kila alfajiri. Nami niliamini hivyo mpaka dada mmoja wa Tanga niliyekuwa nikifanya naye kazi ya usiku aliponikaribisha kwake Jackson Heights, Queens. Chumba na sebule, ghorofa ya nne, kuta nene hata jirani humsikii, dirisha la jikoni linatazama bustani. Tulipomaliza kula akanionyesha karatasi ya malipo yake. Mkopo wa benki na ada ya jengo, ukivijumlisha, havikufika kodi niliyokuwa nikilipa mimi.

Ilinichukua karibu miaka miwili kufika alipofika yeye, na sehemu kubwa ya muda huo niliipoteza kwa kutojua. Ninaandika kwa mtu wa mshahara, mwenye karatasi za ukaazi, anayetaka nyumba ya kukaa mwenyewe. Kama nia yako ni kununua ili upangishe, ko-opu haikufai.

Unachonunua ni hisa

Ko-opu ni kampuni. Kampuni ndiyo inayomiliki jengo zima, kuanzia boila hadi paa, na wewe unanunua hisa zake. Hisa hizo zinakupa mkataba wa kukaa katika fleti fulani. Hati ya nyumba hupati; unapata cheti cha hisa na mkataba wa ukaaji. Kondo ni kitu kingine: kule unamiliki fleti yenyewe kwa hati.

Aliyekulia Kilimanjaro au Bukoba, kwenye ushirika wa kahawa, atalielewa jambo hili upesi kuliko mzawa wa hapa. Deni la ushirika ni deni lako, na viongozi wakiharibu mahesabu unaumia hata kama shamba lako ni zuri. Ndiyo maana nasisitiza tangu mwanzo: kagua vitabu vya jengo kwa makini kuliko unavyokagua jiko. Jiko utalibadilisha. Mahesabu mabovu ya jengo lenye fleti 60 huyabadilishi peke yako.

Ukiwa mwanahisa, kila mwezi unalipa ada ya jengo. Ndani yake kuna kodi ya majengo, mkopo wa jengo lenyewe, joto, maji ya moto, bima ya jengo, mishahara ya wafanyakazi na matengenezo. Pia unatawaliwa na bodi ya wakazi wanaochaguliwa na wanahisa, nayo ndiyo itakayokukubali au kukukataa kabla hujanunua.

Faida yake ni bei. Fleti ya ko-opu kwa kawaida ni nafuu kuliko kondo ya ukubwa uleule mtaa uleule. Tena mnunuzi wa kondo anayekopa hulipa kodi ya kusajili mkopo, karibu asilimia 1.8 ya mkopo wenyewe au zaidi kidogo. Kodi hiyo haigusi ko-opu, kwa sababu kisheria mkopo wako umeshikizwa kwenye hisa na si kwenye ardhi.

Na "kabla ya vita" ni Vita Kuu ya Pili. Majengo haya mengi yalijengwa kati ya miaka ya 1910 na mwanzoni mwa miaka ya 1940. Utakuta dari la karibu mita 2.7, sakafu ya mbao za mwaloni, kijiukumbi cha kuingilia kinachotosha meza ya kulia, na mara nyingi dirisha hata bafuni. Utakuta pia nyaya za umeme za zamani, mabomba yaliyochoka na rangi yenye madini ya risasi chini ya matabaka mengi ya rangi mpya.

Hesabu kabla ya kutembea

Chukua mfano huu. Bei dola 340,000. Majengo mengi yanataka kianzio cha asilimia 20, yaani 68,000. Yapo yanayokubali 10, na yapo makali yanayotaka 25 au zaidi. Mkopo unaobaki ni 272,000. Kwa miaka 30 na riba ya asilimia 6.5, utalipa kama dola 1,720 kwa mwezi. Weka ada ya jengo 880. Jumla 2,600.

Hapo ndipo bodi inapopima. Nyingi zinataka jumla hiyo, pamoja na madeni yako ya gari, kadi na shule, isizidi asilimia 25 hadi 30 ya mapato yako kabla ya kodi. Kwa asilimia 28, dola 2,600 zinahitaji mapato ya karibu 111,400 kwa mwaka. Wengi wetu hatuna hizo kwa mshahara wa mtu mmoja. Basi geuza hesabu, uanzie kwenye mshahara. Mtu wa dola 80,000 kwa mwaka anaruhusiwa kama 1,865 kwa mwezi. Toa ada ya 750, zinabaki 1,115, ambazo zinabeba mkopo wa kama 176,000. Ukiwa na kianzio cha asilimia 20, unatafuta fleti ya dola 220,000, na fleti hizo zipo Bronx.

Kipimo cha pili ndicho kinachowaangusha watu: fedha zinazobaki baada ya kununua. Bodi inataka kuona kwamba ukishalipa kila kitu bado una akiba ya kulipa mkopo na ada kwa mwaka mmoja, wengine miwili. Kwa mfano wetu wa kwanza ni dola 31,200 kwa mwaka mmoja. Ongeza wakili, ada za benki, ada za maombi na za kuhamia. Mimi hutenga dola 8,000 hadi 10,000. Kwa hiyo nyumba ya 340,000 inataka uwe na karibu 108,000 kabla ya kuanza. Mtu anayekwambia inatosha kuwa na kianzio anakupoteza.

Angalia pia uhusiano wa bei na ada. Kwa riba ya asilimia 6.5, kila dola 100 za ada ya mwezi zina uzito sawa na mkopo wa karibu dola 15,800. Fleti ya 310,000 yenye ada ya 1,150 inaonekana rahisi kuliko ile ya 340,000 yenye ada ya 880, kumbe ile tofauti ya dola 270 kwa mwezi ni sawa na kubeba deni la karibu dola 42,700 zaidi. Tena mkopo una mwisho, ada haina.

Upo msaada halali. Idara ya nyumba ya jiji ina mpango wa HomeFirst, unaowapa wanunuzi wa mara ya kwanza wenye kipato cha chini na cha kati hadi dola 100,000 za kianzio, kwa sharti la kusoma kozi ya ununuzi na kuishi humo kwa miaka iliyopangwa. Jimbo lina SONYMA, wakala wake wa mikopo ya nyumba, wenye mikopo ya kianzio kidogo. Mipango yote miwili inahusisha ko-opu, lakini si kila bodi inaikubali. Uliza kwanza, kabla hujaipenda nyumba.

Safisha karatasi zako miezi sita kabla

Maombi yangu ya kwanza yalikataliwa. Jengo sitalitaja. Kwenye taarifa zangu za benki kulikuwa na dola 6,000 zilizoingia kwa mkupuo. Ilikuwa zamu yangu ya upatu. Tulikuwa watu kumi na wawili, tunacheza kila mwezi, hakuna aliyewahi kudhulumiwa. Wakala wa jengo aliuliza fedha zile zimetoka wapi, nami nikajibu kwa mstari mmoja: "Ni za kikundi cha marafiki." Wiki tatu baadaye jibu likaja, hapana, bila sababu. Kisheria hawakulazimika kutoa sababu. Lakini swali la mwisho waliloniuliza lilikuwa lile.

Uite upatu, mchezo, kibati au chama, kwa mtu asiyeujua unaonekana ama ni deni lililofichwa ama ni biashara isiyolipiwa kodi. Kwa hiyo pokea zamu yako mapema ikae akaunti ileile kwa miezi kadhaa, kwa maana benki na bodi kwa kawaida huangalia taarifa za miezi miwili hadi mitatu ya karibuni, na bodi nyingine huenda nyuma zaidi. Kama haiwezekani, andaa barua ya mweka hazina yenye orodha ya michango yako ya kila mwezi, na michango hiyo ionekane ikitoka kwenye akaunti yako. Mara ya pili niliiambatanisha barua hiyo bila kuulizwa, na hakuna aliyeniuliza.

Fedha za ndugu nazo zina taratibu. Benki itataka barua ya zawadi inayosema si mkopo, pamoja na ushahidi wa kutumwa. Kama baba ameuza kiwanja Kibaha akutumie, weka mkataba wa mauzo, tafsiri yake na karatasi ya benki. Na kama una akaunti nyumbani, kumbuka kwamba mkazi wa Marekani ambaye akaunti zake za nje kwa jumla zilipita dola 10,000 siku yoyote ya mwaka anatakiwa kuziripoti kwa serikali. Usiziandike kwenye faili la bodi kama hukuziripoti. Malizana kwanza na mhasibu. Usitegemee pia kwamba bodi itazihesabu, kwani wengi wanataka fedha zilizo hapa.

Anayetuma kila mwezi kwa wazazi au ada za wadogo zake asifiche. Si deni, ila inaonekana. Mstari mmoja kwenye barua yako ya maelezo unatosha.

Wapi pa kutafuta

Jackson Heights ndiko ninakokujua zaidi. Kampuni ya Queensboro, chini ya Edward MacDougall, ilianza kujenga pale miaka ya 1910, na reli ya juu ilipofika mwaka 1917 mashamba yakageuka mtaa. Walijenga majengo kuzunguka bustani ya pamoja iliyofichwa katikati, usiyoiona ukiwa barabarani. Wakati ule Weusi na Wayahudi hawakuruhusiwa kununua. Leo kwenye lifti yangu ninakutana na Wakolombia, Wabangladeshi, Watibeti na Wapoland, na sehemu kubwa ya mtaa imelindwa tangu 1993 kama eneo la kihistoria, jambo linalomaanisha kwamba hata kubadilisha dirisha kunahitaji kibali.

Grand Concourse, Bronx, ndiko kwenye bei nafuu zaidi. Barabara ile pana ilifunguliwa mwaka 1909, na miaka ya 1930 ikajaa majengo ya ghorofa sita yenye kona za mviringo na kumbi za terazo. Vyumba ni vikubwa. Chagua jengo kwa jengo, kwa sababu mawili yanayopakana yanaweza kuwa na hali tofauti kabisa. Inwood na Washington Heights, kaskazini mwa Manhattan, zina treni ya A na bustani kubwa, ila ngazi ni nyingi na majengo kadhaa hayana lifti. Brooklyn, tafuta Flatbush upande wa Ocean Avenue, na Kensington.

Utakutana na matangazo yenye herufi HDFC, yaani ko-opu za watu wa kipato cha chini, na bei itakushtua kwa uchache. Mengi ya majengo hayo yaliachwa na wenyewe miaka ya 1970 na 1980, jiji likayachukua kwa kodi zisizolipwa, kisha wapangaji wakauziwa fleti zao kwa dola 250 tu. Yana kikomo cha kipato cha mnunuzi, na ukiuza, jengo linaweza kuchukua fungu kubwa la faida. Baadhi yamesimamiwa vizuri kuliko majengo ya kitajiri. Mengine hayajawahi kufanyiwa ukaguzi wa mahesabu, na benki haziyagusi. Ajabu yake ni kwamba mengine yanataka mtu wa kipato kidogo mwenye fedha taslimu nyingi. Usiingie bila wakili aliyewahi kuyashughulikia.

Kumbuka mambo mawili kokote uendako, moja baya na moja zuri. La kwanza, jengo lililo juu ya ardhi ya kukodi: mkataba wa ardhi ukikaribia kwisha, ada inaweza kupanda mno na benki zikakimbia. La pili, lile zuri: fleti zinazouzwa na yule aliyeligeuza jengo kuwa ko-opu, au mrithi wake. Hizo hazipiti kwenye bodi, ingawa mara nyingi utabebeshwa kodi za uhamisho ambazo kwa kawaida ni za muuzaji.

Ukiiona nyumba

Nenda mara mbili, moja ikiwa usiku. Fungua bomba la jikoni na la bafuni kwa pamoja, kisha vuta maji chooni. Presha ikifa, mabomba yamejaa kutu. Tazama dari kwenye kona za bafu. Doa la manjano lililopakwa rangi juu lina kingo zinazoonekana ukimulika tochi kwa upande. Hesabu soketi, fungua sanduku la umeme, uliza kama unaweza kuwasha kiyoyozi na mikrowevu pamoja. Rangi ya risasi ilipigwa marufuku New York mwaka 1960, kwa hiyo katika jengo la 1925 ichukulie kuwa ipo. Kama una mtoto mdogo, angalia fremu za madirisha, kwa sababu dirisha likipandishwa na kushushwa linasaga rangi kuwa vumbi.

Shuka chini. Chumba cha boila, mahali pa taka, ubao wa matangazo. Ubao huo unasema mengi: notisi tatu za kukatwa maji ndani ya mwezi ni habari tosha. Mwamkie msimamizi wa jengo, muulize amekuwepo miaka mingapi. Msimamizi wa miaka kumi na tano ni mali ya jengo.

Uliza na sheria za ndani: wageni, mashine ya kufulia, kupangisha. Majengo mengi yanaruhusu kupangisha miaka michache tu baada ya wewe kukaa kwanza, mengine hayaruhusu kamwe. Mikataba mingi pia haimruhusu mgeni kukaa zaidi ya mwezi mmoja wewe ukiwa haupo. Kwetu hilo ni zito, kwani mtu huenda nyumbani miezi mitatu akamwachia binamu ufunguo.

Ofa, wakili, na vitabu vya jengo

Dalali wako, kama unaye, tangu 2024 kwa kawaida anatakiwa kuandikiana nawe mkataba unaotaja malipo yake. Mjadiliane kabla ya kutazama nyumba. Bei halisi za ko-opu zilizouzwa zinapatikana bure kwenye ACRIS, rejista ya jiji. Tafuta fleti za mstari uleule, yaani zilizo juu na chini ya hiyo unayoitaka, kwenye jengo lilelile, ndipo utoe ofa.

Ofa ikikubaliwa, hujafungwa wala muuzaji hajafungwa. Kinachofunga ni mkataba uliosainiwa, na unaposaini unatoa asilimia 10, inayokaa kwenye akaunti ya amana ya wakili wa muuzaji. Kwa hiyo wakili wako asome kabla. Tafuta wakili wa nyumba za New York. Binamu anayeshughulikia visa atakuharibia. Ahakikishe mkataba unakurudishia fedha benki ikikunyima mkopo au bodi ikikukataa.

Kisha vitabu. Wakili anaomba mahesabu yaliyokaguliwa ya miaka miwili au mitatu, bajeti, na kumbukumbu za vikao vya bodi. Soma na wewe. Mimi huanza na mkopo wa jengo, kwa sababu ndiko ada inakopandia bila mtu kuona. Jengo la fleti 60 linadaiwa milioni 3, kwa riba ya asilimia 3.2, linalipa riba tu: dola 96,000 kwa mwaka. Mkopo unaisha muda mwakani na benki mpya inataka asilimia 6.2: dola 186,000. Pengo la 90,000 litatoka mifukoni mwa wanahisa. Hisa zikiwa sawa, ni dola 125 zaidi kwa kila fleti kila mwezi, na bado lile deni la milioni 3 halijapungua hata senti. Tafuta tarehe ya mwisho wa mkopo kwenye maelezo ya chini ya mahesabu. Kwa kawaida ipo.

Halafu akiba. Napenda kuona angalau miezi mitatu ya matumizi ya jengo. Akiba ikiwa ndogo huku ada ni ndogo, usifurahie: bodi imeogopa kupandisha, na siku boila likifa utaletewa mchango maalumu. Angalia wanahisa wangapi wana malimbikizo, na yule aliyeligeuza jengo kuwa ko-opu bado anashikilia fleti ngapi. Akishikilia nyingi, benki inaweza kukataa jengo zima, na wewe siku ya kuuza utakosa mnunuzi mwenye mkopo.

Kumbukumbu za vikao ndizo tamu. Katika jengo moja nililoliacha, neno "boila" lilikuwa kwenye vikao vinne kati ya vitano: limetengenezwa, limezima, limetengenezwa, tuombe bei za jipya. Tangazo la dalali lilisema jengo limekarabatiwa.

Sheria mbili za jiji zitajitokeza humo. Majengo yanayozidi ghorofa sita lazima kuta za nje zikaguliwe kila miaka mitano. Chanzo chake ni kifo cha mwanafunzi wa chuo cha Barnard aliyeangukiwa na kipande cha jengo mwaka 1979. Sheria ikaja 1980. Ukarabati wake ni ghali, na vile vichanja vya mbao juu ya njia ya miguu hukaa miaka. Ya pili ni sheria namba 97 ya 2019, inayoweka kikomo cha hewa chafu kwa majengo ya zaidi ya futi za mraba 25,000 tangu 2024, kikomo kinachokaza 2030. Faini ni hadi dola 268 kwa kila tani iliyozidi. Jengo linalochoma mafuta mazito ya zamani litaumia. Uliza bodi ina mpango gani, na jibu liwe kwenye maandishi.

Benki, faili na usaili

Benki inakagua watu wawili: wewe na jengo. Mkopeshaji asiyezijua ko-opu atakupotezea miezi, kwa hiyo chagua aliyewahi kukopesha jengo lilelile.

Faili la bodi ni kazi ya wiki mbili za jioni: fomu, ritani za kodi, hati za mshahara, taarifa za benki, barua ya mwajiri, barua za wadhamini wa tabia, barua ya mwenye nyumba wako. Kila tarakimu kwenye fomu ilingane na karatasi iliyo nyuma yake. Wadhamini waandike wanachokijua: "Ameishi juu yangu miaka saba, hajawahi kunisumbua" ina uzito kuliko sifa za cheo.

Usaili huchukua nusu saa, siku hizi mara nyingi kwa video. Wangu ulikuwa na watu wanne, mmoja mama mzee mwenye paka begani, wakauliza kazi yangu ya usiku itakuwaje na milango, na kama ninapiga ala ya muziki. Jibu ulichoulizwa. Ukarabati unaoutamani usiutaje siku hiyo. Wakiuliza asili yako, dini, au kama unapanga kuzaa, hilo haliruhusiwi. Bodi inaweza kukataa bila kueleza, ila haiwezi kukataa kwa rangi, dini, taifa au hali yako ya uhamiaji, na Tume ya Haki za Binadamu ya Jiji hupokea malalamiko hayo. Andika kila ulichoulizwa usiku uleule.

Siku ya kukabidhiana na baada yake

Kutoka mkataba hadi funguo tegemea miezi miwili hadi mitatu. Asubuhi ya siku hiyo kakague nyumba tena, washa kila kitu. Mezani utasaini rundo la karatasi. Cheti cha hisa na mkataba wa ukaaji vitachukuliwa na benki vikae huko mpaka umalize deni. Bima ya fleti yako uwe umeshainunua, maana ile ya jengo hailindi vyombo vyako wala maji yako yakimshukia jirani.

Wiki ya kwanza jisajili kwa STAR, punguzo la jimbo la kodi ya majengo, na umuulize wakala kama umewekwa kwenye punguzo la kodi ya ko-opu, la asilimia 17.5 hadi 28.1, linalotolewa kwa anayeishi humo mwenyewe. Usibomoe kitu bila mkataba wa ukarabati na kipimo cha asbesto. Bafu halihamishwi juu ya chumba cha kulala cha jirani. Mabodi karibu yote yanakataza maji juu ya pakavu.

Msimu wa joto unaanza tarehe 1 Oktoba. Mchana nje kukiwa chini ya nyuzi 13, ndani kuwe angalau 20, na usiku 17. Redieta za mvuke zenye bomba moja hupuliza kidogo zinapopata moto, na hiyo ni kawaida. Zikigonga kama nyundo, maji yamenasa ndani kwa sababu redieta imelala vibaya. Valvu yake iwe wazi yote au imefungwa yote, kamwe nusu. Kisha mwite msimamizi aje na pima-maji na vipande viwili vya mbao, auinue upande usio na bomba kidogo tu. Kwangu ilichukua dakika kumi, na kelele ikaisha usiku uleule.